Inalia au Inagonga

Oili ya difu, lile bonge la gia katikati ya magurudumu ya nyuma ya gari, inanuka mayai yaliyooza. Wenzangu wa rika langu waliolelewa nyuma ya gereji wanaijua harufu hiyo, na wanajua kwamba haitoki. Unafua nguo, unaanika, unapiga pasi, na bado ukitokwa na jasho kidogo inarudi. Mwezi uliopita, wiki tatu baada ya kumzika Baba, nilifungua kabati lake la chuma nikitafuta hati ya shamba, nikakuta ovaroli yake ya buluu imekunjwa vizuri kama ya kwendea kanisani. Niliinua tu, harufu ikanipiga usoni. Nikaketi chini kwenye saruji, mimi mwalimu mzima, mama wa watoto watatu, nikalia kwa sauti mpaka jirani akaja mbio kuuliza kama nimeona nyoka.

Sikulia kwa kuwa Baba amekufa. Kwa hilo nilikuwa nimeshalia, tena vizuri, mbele za watu. Nililia kwa sababu nilimdanganya mara mbili nikiwa na miaka tisa. Uongo wa kwanza nusura umuue mdogo wake. Wa pili sijawahi kumwambia mtu.

Gereji yetu ilikuwa nyuma ya nyumba, hapa Kisumu, upande wa barabara ya kwenda Ahero. Mabati juu ya nguzo nne, meza ya chuma, na shimo la kuingilia chini ya gari. Kutoka pale hadi dirisha la chumba cha Baba na Mama ni hatua ishirini. Nilizihesabu baadaye, kwenda na kurudi, siku nyingi.

Mama alikuwa na pumu. Dawa zake alizipanga kwenye kizingiti cha dirisha lile, na katikati yake Baba alikuwa ameweka chupa yake ndogo ya plastiki, yenye mafuta mazito ya rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Hiyo aliiita dawa ya difu. Alikuwa amehangaika sana kuipata, akaogopa kwamba gerejini mtu ataimwaga, kwa hiyo akaificha chumbani. Mama alilalamika kwamba inanuka. Baba akasema, "Msiguse hiyo dawa, tafadhali," na tangu hapo nyumba nzima ikaiita dawa.

Jumamosi moja mchana nilikuwa uani naosha vyombo, nikamsikia Mama akiita kutoka chumbani, "Baba Awuor!" Awuor ni mimi. Baba alikuwa gerejini, amenipa mgongo, anapiga msasa kipande cha chuma kwa mkono. Hakugeuka. Mama akaita tena. Hakugeuka. Sasa, asubuhi ile walikuwa wamegombana kwa sababu ya gari la Baba Mdogo lililokuwa likitengenezwa gerejini, Mama akisema Baba analipenda kuliko watu, nami kwa akili zangu zote za miaka tisa nikajua kwamba Baba amenuna. Watu wazima wakinuniana mtoto haingilii, ndivyo nilivyofunzwa. Nikaendelea kusugua sufuria. Mama aliita, akaita, kisha akanyamaza, nami nikashukuru kwamba ugomvi umekwisha.

Dani, nyanya yangu mzaa baba, ndiye aliyemkuta aliporudi kutoka soko la Kibuye. Sitasimulia hapo. Nitasema tu kwamba baada ya mazishi Dani alikusanya dawa zote za dirishani akazitia kwenye mfuko mmoja, hakutaka kuziona tena, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Baba alirudi kazini upesi kuliko majirani walivyotaka, kwa sababu hakujua aende wapi. Gari lilikuwa pale linamngoja. Lilikuwa gari dogo la mbio, jeupe, injini yake ikiwaka kuku wote wanakimbilia kwa jirani. Mwenyewe alikuwa Baba Mdogo Oluoch, dereva wa lori la miwa kwa siku za kazi na bingwa wa dunia kwa maneno yake mwenyewe siku za Jumapili. Kulikuwa na mashindano yanakuja, kwenye barabara za murram, zisizo na lami, kule Nyakach, kuanzia Pap Onditi na kupanda milimani. Baba Mdogo alitaka kushuka ile milima mbele ya watu wote.

Difu ya gari lile haikuwa ya kawaida, na Baba alinieleza kwa viganja vyake. Difu ya kawaida, tairi moja la nyuma likiteleza, nguvu zote zinakimbilia hilo linaloteleza, na gari linabaki kuchimba shimo. Ya gari la mbio ina sahani ndogo za chuma ndani, zimepangwa moja juu ya nyingine. Akabana viganja viwili pamoja. "Zinashikana, ndio matairi yote mawili yasukume. Lakini kwenye kona lazima ziachiane kidogo," akasugua viganja polepole, "kwa sababu tairi la nje linatembea zaidi. Zikikataa kuachiana, gari haitaki kona." Oili tupu haiwezi kuzifanya ziachiane kwa upole. Ndiyo maana ya ile dawa.

Siku waliyorudisha difu mahali pake, mimi nilikuwa nimeketi juu ya tairi kuukuu natafuna muwa. Baba Mdogo ndiye aliyekuwa akijaza oili. Akauliza kwa sauti, "Kaka, ile dawa siioni kwa dirisha. Nimejaza oili tupu, sawa?" Baba alikuwa shimoni, uso umeelekea upande mwingine. Alipotoka akamwona mdogo wake anamtazama, akainua kidole gumba. Sawa. Nikatema kapi la muwa.

Jioni hiyohiyo, jua bado liko juu, walilipeleka gari kwenye uwanja wa murram karibu na ziwa, mahali kina mama walipokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani. Baba Mdogo alikata kona kali taratibu, na nyuma ya gari ikatetemeka yote. "Inafanya gwaru-gwaru," akasema. Kwa Baba Mdogo kila ugonjwa wa gari ulikuwa gwaru-gwaru. Ukimuuliza zaidi anakasirika.

Baba akanitazama. "Wewe Awuor, hebu panda. Kaa huko nyuma, shika hiyo bomba."

Kiti cha nyuma kilikuwa kimeng'olewa, kama yalivyo magari ya mbio, kwa hiyo niliketi juu ya gunia lililokunjwa, nikashika lile bomba la chuma linalozuia paa lisibonyee, difu ikiwa moja kwa moja chini ya makalio yangu. Baba akaendesha mwenyewe. Tulipoingia kwenye kona akageuza kichwa, akanikazia macho mdomoni. "Nataka uniambie kitu kimoja tu. Inalia au inagonga?"

Kwa fundi hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Kugonga ni meno ya gia, ni mpira uliokatika, ni chuma kinachopiga chuma. Kulia ni sahani zinazokataa kuachiana. Baba alikuwa anauhisi mtetemo kwenye matako yake kama sisi sote, lakini mtetemo peke yake haukumwambia ni upi kati ya hayo mawili.

Ilikuwa inalia. Yawa, ilikuwa inalia! Sauti ilianza chini, uuu, ikapanda kadiri kona ilivyokazwa, ikavutwa mwishoni na kukatika. Ilipita kwenye bati, kwenye gunia, ikaingia mifupani mwangu. Nami niliijua. Ndivyo Mama alivyoita siku ile, akilivuta jina langu kwa sababu pumzi ilikuwa inamwishia. Awuuu-or.

Mnajua kwetu mtoto mchanga akilia bila kukoma watu hawaendi kwanza kwa daktari. Wanataja majina ya marehemu, mmoja mmoja, mpaka likitajwa la yule anayetaka kukumbukwa mtoto ananyamaza. Mimi mwenyewe, wanasema, nililia siku tatu mfululizo, mpaka Dani akataja jina la dada yake aliyekufa, nikanyamaza papo hapo na kunyonya. Hadithi hiyo nilikuwa nimesimuliwa mara mia. Kwa hiyo kwangu kitu kinacholia kilikuwa na mtu ndani yake anayeita. Hilo halikuhitaji maelezo.

Nikafikiri haraka kama mwizi. Nikisema inalia, Baba ataifungua difu na kumtoa Mama. Na kwa nini ampate yeye, ambaye aliitwa na kukataa kugeuka? Nilimchukia, haki ya Mungu nilimchukia Baba kwenye gari lile.

"Inagonga, Baba," nikasema.

Wiki nzima ile Baba alitafuta kitu kinachogonga. Aliinua gari, akakagua viungo vya ile nguzo ndefu inayopeleka nguvu nyuma, akavibadilisha. Akabadilisha mipira inayoishika difu. Akabadilisha bearing za magurudumu ya nyuma, kwanza ya kushoto, kisha ya kulia. Aliliwasha likiwa juu ya jeki, matairi yakazunguka hewani, na halikutetemeka hata kidogo, maana hewani hakuna kona. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye kifuko cha difu, na badala ya kuweka mpini sikioni kama mafundi wote wanavyofanya, akaung'ata kwa meno na kufumba macho. Nilidhani anang'ata hasira.

Kila alasiri alinirudisha kwenye gunia. "Inagonga kama nyundo au kama mlango?"

"Kama mlango."

"Nikiachilia mafuta inaacha?"

"Haiachi."

Nilikuwa nimekuwa bingwa wa uongo, na kila kona nilifumba macho nimsikilize Mama. Nilimjibu kimoyomoyo. Nilimwambia habari za shule. Baba alikuwa anakonda, ovaroli inamning'inia, mafundi wengine wa mtaa wanapita na kumtania, "Mzee, kwani difu imekushinda?" Yeye anacheka akiwatazama midomo. Alhamisi alishindwa kula ugali. Ijumaa nilimkuta ameketi shimoni, ameweka paji la uso kwenye kile chuma cha difu. Nilimwona hivyo, nikaondoka kwa vidole vya miguu.

Jumamosi, siku moja kabla ya mashindano, Baba Mdogo alisema lazima alijaribu kwa kasi. Tulikwenda njia ya murram pembeni mwa mashamba ya mpunga, mimi na Baba tukasimama kwenye kona, yeye akaja kutoka mbali na vumbi lake. Nilimwona akikata usukani. Gari halikukata. Liliendelea mbele kama halikuambiwa kitu, kisha ghafla nyuma ikafyatuka, likazunguka mara moja, mara mbili, na kusimama ubavu kwa ubavu na mtaro mkubwa wa maji, tairi moja la nyuma likizunguka hewani juu ya mtaro.

Baba Mdogo alitoka anacheka. Akatembea hatua nne, akainama, akatapika.

Baba aliketi chini barabarani pale pale. Sikuwahi kumwona ameketi barabarani. "Sijui," alisema. "Oluoch, sijui. Nimebadilisha kila kitu. Hii mikono yangu imeisha. Usiende kesho, omera, ndugu yangu, nakuomba."

"Naenda," Baba Mdogo akasema, akijifuta mdomo. "Shemeji amekufa, wewe umekuwa hivyo, na mimi nikae nyumbani kufanya nini? Naenda hivyo hivyo."

Na mimi nikaona mtaro, nikaona ile milima ya Nyakach ambayo sikuwahi hata kuifikia, nikaona jeneza jingine sebuleni. Nilikuwa nyuma ya Baba, hatua kama kumi hivi. Nikasema, "Baba, inalia."

Hakugeuka.

"Baba! Haigongi! Inalia!"

Hakugeuka. Injini ilikuwa imezimika. Hapakuwa na upepo, hapakuwa na msasa, wala chuma, wala ugomvi. Nilipiga kelele mpaka ndege wakaruka kutoka mpungani, "Baba! Baba! Ba-ba!" na mgongo wake ukabaki vilevile, ule mgongo niliouona siku ile nikiwa na sufuria mkononi.

Baba Mdogo alinitazama mimi, kisha akamtazama kaka yake. Akaja polepole nyuma ya Baba, akapiga makofi mawili makali karibu na kisogo chake. Baba alikuwa akichora mchangani kwa kidole. Aliendelea kuchora. Baba Mdogo akazunguka mbele na kuchuchumaa, uso kwa uso.

"Kaka. Mtoto anakuita."

"Wapi?" Baba akageuka huku na huku. "Ananiita tangu lini?"

Sijui ni nani kati yetu aliyeanza kulia. Nilikwenda nikasimama mbele yake, nikamwambia kwamba inalia, imelia tangu siku ya kwanza, kwamba nilidanganya. Sikusema kwa nini. Hakunichapa. Midomo yake ilihesabu, na fundi aliyekuwa ndani yake akaamka hata katika hali ile. "Inalia. Basi ni sahani. Lakini sahani haziwezi, tulitia dawa."

"Dawa gani?" Baba Mdogo akasema. "Kaka, si nilikwambia haipo? Nilikwambia kwa mdomo wangu nimejaza oili tupu, wewe ukanionyesha kidole gumba!"

Baba alijitazama kidole gumba. Ndipo akasema, kwa ile sauti yake ambayo siku hizo ilikuwa imeanza kuwa kubwa na sisi tukadhani ni ukali wa msiba tu, kwamba masikio yalianza kumwacha mwaka uliopita. La kulia kwanza, halafu la kushoto. Hakumwambia mtu, hata Mama. "Fundi kiziwi, nani atamletea gari?"

Tulirudi nyumbani. Baba Mdogo alimwuliza Dani kuhusu dawa ya dirishani. Dani akasema dawa za marehemu amezifunga zote, mnazitakia nini, mnataka kuita kifo tena? Alipoelezwa alishika kichwa kwa mikono miwili. "Si mlisema ni dawa? Mimi nitajua vipi ni dawa ya gari?" Akauleta mfuko kutoka chini ya kitanda chake. Baba aliumimina mezani, vidonge vya Mama, kile kipuliziaji chake cha buluu, na katikati yake chupa ndogo ya rangi ya strungi, kifuniko bado kimekazwa.

Walimwaga oili, wakatia mpya na ile dawa. Baba akasema lazima sasa gari lizungushwe polepole kule uwanjani kwa namba nane, mara nyingi, dawa iingie kati ya sahani. Akaniambia nipande. "Leo utaniambia ukweli."

Namba nane ya kwanza Mama alilia kama kawaida. Ya tatu akalia kwa chini. Nilikumbatia lile bomba, nikalaza shavu kwenye bati la moto, nikamwambia moyoni, ngoja, ngoja kidogo. Baba anageuka kila kona, "Inalia?" nami natikisa kichwa ndiyo. Ya sita ilikuwa pumzi tu. Ya nane sikusikia kitu isipokuwa mawe madogo chini ya matairi. "Inalia?" Nikatikisa kichwa hapana. Baba alipiga usukani kwa furaha, Baba Mdogo akaruka kule nje kama mtoto, na mimi kule nyuma nilikuwa nimefiwa upya, peke yangu, bila hata mtu wa kunipa pole.

Siku iliyofuata Baba Mdogo alimaliza wa nne, akarudi mzima, na hadi leo anasimulia kama alikuwa wa kwanza. Baba aliendelea kuwa fundi. Watu walileta magari, nami nikawa masikio yake mpaka nilipokwenda chuoni Maseno. Kwenye mambo ya gari sikumdanganya tena.

Lakini jioni ile ya namba nane, tuliporudi gerejini na Baba Mdogo akaenda kunawa, Baba hakushuka. Alikaa kwenye usukani, mikono magotini, akitazama kupitia kioo cha mbele lile dirisha letu lililobaki tupu. Nilimwona akipima. Hatua ishirini. Nilimwona akifika mahali ambapo mimi nilikuwa nimefika barabarani kabla yake, na nikatamani ardhi inimeze. Akageuka kwenye kiti, akanikazia macho mdomoni.

"Awuor. Siku ile ulikuwa uani. Mama yako aliniita?"

Harufu ya oili ilikuwa imejaa gari lote. Nikajifuta kamasi kwa mkono. Nikasema polepole, nikifungua mdomo vizuri kwa kila neno, asije akakosea kusoma.

"Hapana, Baba. Hakuita. Hakuita hata mara moja."